Ziba Ufa Kabla ya Kujenga Ukuta: Somo la Uchumi wa Nyumba kwa Mume na Mke Wenye Shughuli Nyingi



Leo twataka kuzungumza juu ya jambo ambalo wengi wetu huliona dogo, ilhali ndilo linalozifilisi nyumba nyingi za mji wetu kimya kimya, nalo ni mali inayotoka nyumbani bila ya kujulikana imekwenda wapi. Zamani nyumba nyingi zilikuwa na mtu mmoja wa kutafuta na mwingine wa kutunza. Leo mume na mke hutoka wote wawili asubuhi, huyu bandarini au dukani, na huyu shuleni, hospitalini au afisini, wakarudi magharibi wamechoka. Mishahara imekuwa miwili. Lakini kabla ya tarehe 20 ya mwezi wote wawili hawana kitu, na mmoja wao ameshika simu akitafuta mkopo wa kumalizia mwezi.

Sababu yake si vigumu kuijua. Mtu aliyechoka hununua kila kitu kikiwa tayari, na huahirisha kila kilichoharibika. Chai ya asubuhi hunywewa mkahawani kwa kuwa hapana wa kuipika. Mfereji unaodondoka huachwa kwa kuwa hapana wa kuutazama. Bawaba iliyolegea huachwa mpaka mlango ukaning'inia, kisha huitwa fundi na kununuliwa mlango mpya. Wazee wetu walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kuziba ufa ni kazi ya nusu saa, na kujenga ukuta ni kazi ya deni.

Basi katika somo hili tutaeleza namna mume na mke wasiokuwa na wakati wanavyoweza kuziba nyufa hizo kwa mikono yao wenyewe na kwa gharama ndogo. Na mwisho tutasema lile ambalo kwetu sisi ndilo kubwa kuliko yote, nalo ni mikono ya nani itakayofanya kazi hiyo.

MPAKA WA MANENO YETU

Kabla ya yote yapasa tujue kwamba kuhifadhi mali si kujinyima. Dini yetu imetukataza pande mbili, israfu kwa upande mmoja na ubakhili kwa upande wa pili, ikatuamuru tushike kati na kati. Mwenye kumnyima mtoto maziwa ili aweke akiba hakuhifadhi mali, bali amehamisha hasara kutoka mfukoni akaitia mwilini mwa mtoto. Wala twasema si aibu kwa mtu kutengeneza chombo chake mwenyewe. Imepokewa kwa Bibi Aisha kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akishona nguo zake na akitengeneza viatu vyake nyumbani mwake. Ikiwa kazi hiyo haikumpunguzia yeye heshima, haitampunguzia karani wala mwalimu wala mfanya biashara wa Mombasa.

KWANZA: DAFTARI

Mali bila daftari huisha bila habari. Chukueni daftari moja la shule, mlitundike jikoni pamoja na kalamu, na kwa muda wa mwezi mmoja kila mmoja wenu aandike kila shilingi anayoitoa, hata ya njugu. Katika mwezi huu wa kwanza mtu asimlaumu mwenziwe kwa lolote, kwani mwenye kuogopa lawama huficha, na daftari lenye kufichwa mambo halina faida.

Jambo hili lina haja zaidi zama hizi kuliko zamani. Noti ikitoka mfukoni mtu huiona. Lakini tangu M-Pesa ilipoanza hapa Kenya mwaka 2007, fedha nyingi hutoka pasi na kuonekana kwa macho, na kila mara ya kutuma au kutoa huenda ikawa na ada yake ndogo. Kuna faida moja katika hayo: kila malipo huacha ujumbe katika simu. Basi usiku mmoja wa juma kaeni pamoja, msome jumbe zenu, mzinukuu daftarini, na ada mziandike mbali peke yake. Watu wengi hustuka kwa jumla ya ada tu.

Na tupige mfano wa hesabu. Mume na mke wakitumia shilingi 100 kila mmoja kwa chakula cha asubuhi cha mkahawani, kwa siku 22 za kazi hiyo ni shilingi 4,400 kwa mwezi, na kwa mwaka ni shilingi 52,800. Hatusemi mkahawa ni haramu. Twasema mtu aijue bei ya mwaka, siyo bei ya leo tu, kisha aamue. Mahamri yakikandwa usiku wa kuamkia Jumapili na kuchomwa asubuhi yake, yanayobaki huwekwa katika barafu ya friji na kupashwa moto kila siku yanapohitajiwa. Muhogo na viazi vitamu vya kuchemsha havitaki hata kazi hiyo. Wakifanya hivyo kwa nusu ya siku tu, nyumba hubakiwa na sehemu kubwa ya shilingi 2,200 kwa mwezi baada ya kutoa bei ya unga.

Hali kadhalika katika kununua. Nyumba ambayo kila jioni hutuma mtoto dukani kwa sukari ya kipimo na mafuta ya kipimo hulipa bei kubwa kuliko nyumba nyingine zote, kwa kuwa kadiri kipimo kilivyo kidogo ndivyo bei ya kila ratili inavyopanda. Kama gunia la mchele ni zito kwa nyumba moja, ndugu watatu au majirani watatu na washirikiane, wagawane siku ile ile kwa mizani. Mchele uwekwe katika chombo kikavu chenye mfuniko wa kubana, usiguse sakafu wala ukuta, kwani hewa ya pwani ina unyevu.

PILI: MAJI

Sote twajua shida ya maji ya mji huu. Maji ya Mombasa hutoka mbali, Mzima, Marere na Baricho, na siku nyingi hayafiki, tukanunua kwa mitungi kwa wenye mikokoteni. Juu ya hayo, katika nyumba hizo hizo zinazonunua maji, mfereji unadondoka usiku kucha.

Msituamini sisi, pimeni wenyewe. Wekeni ndoo chini ya mfereji unaodondoka tangu saa nne ya usiku hadi saa mbili ya asubuhi. Ikiwa mmekuta lita 5 kwa saa hizo 10, basi kwa siku nzima ni lita 12, na kwa mwezi ni lita 360, yaani mitungi 18 ya lita 20. Kama mtungi mwaununua kwa shilingi 20, mfereji huo mmoja wawala shilingi 360 kila mwezi. Chovya chovya humaliza buyu la asali.

Na dawa yake ni kipande cha mpira ambacho mafundi hukiita washa, nacho ni katika vitu rahisi kabisa dukani. Namna ya kufanya ni hivi. Fungeni koki kuu ya maji. Fungueni mfereji ili maji yaliyobaki yatoke. Zibeni tundu la beseni kwa kitambaa ili skrubu isije ikaanguka ndani. Kizungusheni kichwa cha mfereji kwa spana, mkikifunga kitambaa kwanza ili kisikwaruzike, mtoe kile kipande cha mpira kilichokwisha kulika, mwende nacho dukani mkinunue mfano wake. Kisha rudisheni kila kitu kwa taratibu ile ile kinyumenyume. Mifereji ya kisasa, ile ifungukayo kwa kuzungushwa robo tu au kwa kuinua mkono wake, haina washa ya namna hii. Ndani yake mna kijisanduku kizima ambacho hutolewa na kubadilishwa, na hicho pia hununuliwa kwa kuchukua mfano.

Choo cha kuvuta nacho huvuja pasi na sauti. Tieni rangi ya chakula katika tangi lake, msilivute kwa muda wa nusu saa. Mkiiona rangi imeshuka ndani ya bakuli, jueni kwamba mpira wa chini ya tangi umechakaa, na huo pia hubadilishwa kwa mkono.

Ama mvua, hiyo ni neema tunayoiacha ikaenda baharini. Wazee wetu waliielekeza kwa milizamu mpaka kwenye mabirika. Hesabu yake ni nyepesi: kila milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Basi bati la mita za mraba 40 likipata mvua ya milimita 10 limepokea lita 400, na hata tukitoa sehemu ya tano kwa yanayomwagika, zabaki lita 320, nazo ni mitungi 16. Mchirizi mmoja wa bati na pipa moja vyatosha kwa kuanzia. Maji ya mwanzo ya kila mvua yaacheni yapite, kwani yameosha vumbi na uchafu wa ndege. Pipa lifunikwe kwa wavu wa macho madogo lisizae mbu, na maji hayo yawe ya kufua, kuosha na chooni. Wenye kutaka kuyanywa ni lazima wayachemshe.

TATU: MOTO WA KUPIKIA

Hapa ndipo panapopotea fedha na wakati kwa pamoja. Maharage, mbaazi, kunde na pojo ni vyakula vya bei nafuu na vyenye nguvu, lakini mke au mume aliyerudi magharibi hana saa mbili za kusimama jikoni, wala mtungi wa gesi wa kilo 6 hauvumilii kazi hiyo kila siku. Ndiyo maana watu hununua vilivyopikwa.

Dawa yake ni kapu la joto. Asili ya jambo hili ni kwamba sufuria inayochemka haihitaji moto zaidi ili chakula kiive, yahitaji joto lililomo lisitoke. Chukueni kapu kubwa la ukindu lenye kimo cha kuzidi sufuria yenu kwa shibiri moja. Shoneni godoro dogo la kuzunguka ndani yake na la kuweka chini, mlijaze sufi. Sufi ya msufi, ile tuliyolalia tangu utotoni, ni katika vitu bora vya kuzuia joto, kwa kuwa kila unyuzi wake ni kama mwanzi mtupu uliojaa hewa. Asiyekuwa na sufi atumie blanketi kuukuu au matambara yaliyokatwa vipande. Kisha shoneni mto mnene wa kufunikia juu, ulingane na mdomo wa kapu pasi na nafasi.

Matumizi yake ni haya. Lowekeni mbaazi au kunde usiku kucha, mmwage maji yale. Asubuhi kabla ya kutoka wekeni sufuria motoni na maji mapya, ichemke kwa nguvu dakika 20 na mfuniko wake. Bila ya kuifunua, itieni mara moja ndani ya kapu, mfunike kwa mto. Sufuria iwe imejaa angalau theluthi mbili, kwani yenye chakula kidogo hupoa upesi. Baada ya saa nne au tano mtakuta chakula kimelainika. Mchele ukishachemka dakika 5 hutosha saa moja ndani ya kapu, wala hauungui chini.

Na hapa yapasa tuhadharishe. Maharage mekundu yana sumu ndani yake yakiwa mabichi, na joto la kapu peke yake haliiondoi. Hayo yalowekwe usiku kucha, maji yamwagwe, na yachemke kwelikweli muda wa nusu saa kabla ya kuingia kapuni. Nyama ya vipande vikubwa isipikwe kwa njia hii. Chakula kisiachwe kapuni kutwa nzima kikawa cha uvuguvugu, kwani hapo huharibika. Anayerudi magharibi basi na afanye kazi hiyo usiku: atie kapuni baada ya magharibi, akitoe kabla ya kulala, akichemshe tena, na kikipoa akiweke katika friji kwa chakula cha kesho. Kwa desturi hii maharage ya siku tatu hupikwa kwa moto wa siku moja. Na nazi hali kadhalika: zikunwe tatu au nne kwa pamoja siku ya mapumziko, tui lake ligandishwe katika vyombo vidogo, kila kimoja kwa mapishi ya siku moja.

NNE: KUTA, MILANGO NA NGUO

Nyumba zetu za kale za Mombasa na Lamu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Kuta hizo huvuta unyevu na kuutoa. Mtu akiona ukuta umebanduka hukimbilia saruji kwa kudhani ndiyo yenye nguvu. Saruji hufunga unyevu na chumvi ndani ya ukuta, na baada ya miaka michache hubanduka pamoja na jiwe lililokuwa zima. Ukuta wa chokaa dawa yake ni chokaa.

Kupaka chokaa ni kazi ambayo mume, mke na watoto huweza kuifanya kwa siku za mapumziko. Nunueni chokaa ya unga iliyokwisha kuzimwa, msichukue ile mbichi inayochemka ikitiwa maji. Ichanganyeni na maji mpaka iwe nzito kama mtindi, muiache usiku kucha, kisha muiongeze maji iwe nyepesi kama maziwa na kuichuja kwa kitambaa. Gao la chumvi kwa ndoo moja huisaidia kushika. Susueni vumbi ukutani, mloweshe ukuta kwa maji, mpake kwa brashi pana safu nyembamba. Ikiwa mbichi huonekana kama haina rangi, msishughulike, hugeuka nyeupe ikikauka. Safu tatu, kila moja kwa siku yake, ni bora kuliko safu moja nzito ambayo itapasuka. Chokaa huunguza macho, basi vaeni miwani na watoto wawe mbali wakati wa kuchanganya. Wala haishiki juu ya rangi ya mafuta; hiyo lazima ikwanguliwe kwanza. Weupe wake, ukiwa upande wa nje, hurudisha jua, na nyumba hupungua joto.

Ama chuma, adui wake ni hewa ya bahari. Mara moja kwa miezi mitatu tembeeni na kitambaa na mafuta ya cherehani, mpake bawaba, komeo na kufuli zote. Kutu iliyokwisha kuonekana isuguliwe kwa msasa na ipakwe rangi ya kuzuia kutu siku hiyo hiyo. Skrubu iliyolegea katika mbao kwa kuwa tundu limepanuka hutolewa, tundu likajazwa vijiti vyembamba vilivyotiwa gundi, na ikikauka skrubu hurudishwa ikashika kama mpya. Kwa njia hii milango mingi iliyohukumiwa kutupwa hupona.

Juu ya nguo hatutasema mengi, kwani mama zetu walituwahi. Leso ikichakaa nje huvaliwa ndani, ikichanika huwa nepi au kitambaa cha jikoni, na mwisho huwa kipande cha kufutia sakafu. Kinachotakiwa ni kuirudisha elimu ile, na mume pia ajue kutia kifungo na kushona upindo wa kanzu yake uliofumuka, badala ya kungoja au kununua nyingine.

TANO: TAA NA FRIJI

Taa ya zamani ya waya wa ndani hula wati 60, na taa ya LED yenye mwanga unaokaribia huo hula wati 9 hivi. Tofauti ni wati 51. Kwa saa 5 za kila usiku na siku 30, hiyo ni uniti 7.65 kwa taa moja, na kwa taa nne ni uniti 30.6 kila mwezi. Mwenye kununua umeme kwa tokeni ataiona tofauti kwa macho yake.

Friji isigandamizwe na ukuta, iachiwe upana wa mkono ili ipumue. Pimeni mpira wa mlango wake kwa kubana noti: noti ikitoka bila kuvutana, baridi nayo inatoka. Mara nyingi mpira ni mchafu tu, na ukioshwa kwa maji ya moto na sabuni hurudi kushika. Nguo zipigwe pasi za juma zima kwa mara moja, kwa kuwa pasi hula umeme mwingi kila inapoanza kupata moto.

SITA: KAZI ZISIZOKUWA ZENU

Mwenye akili hujua mpaka wa mkono wake. Nyaya za umeme zilizomo ukutani, sehemu za ndani za jiko la gesi, boriti za dari na kupanda mapaa marefu, hizo ni kazi za fundi aliyesomea. Shilingi iliyookolewa kwa kuhatarisha roho haikuokolewa. Katika gesi, lililo juu yenu ni kupaka mapovu ya sabuni penye maungio kila mnapobadilisha mtungi. Yakitoka mapovu yanayokua, fungeni mtungi, fungueni madirisha, msiwashe wala kuzima taa, muite fundi. Asije mtu akatafuta uvujaji kwa kiberiti.

Na mnapomwita fundi, afikianeni naye bei kabla ya kazi, nunueni vifaa wenyewe mkiweza, na salio la ujira mlitoe siku ile ile kazi inapokwisha. Kumcheleweshea fundi haki yake si katika kuhifadhi mali.

SABA: MIKONO YA NANI?

Sasa twafika pale tulipoahidi. Yote tuliyoyataja, kukanda, kuloweka, kukuna, kupaka na kushona, yataka mikono na wakati. Tumeona nyumba ambazo mume husoma mawaidha kama haya, akafurahi, akafunga mkono wake, kisha kazi yote akaiweka juu ya mke ambaye naye ametoka kazini saa ile ile aliyotoka yeye. Mke akakuna nazi usiku, akafua kwa mkono, akaamka alfajiri kuchoma mahamri, na mume akajisifu kwa wenziwe barazani kwamba nyumba yake haina israfu. Huyu hakuokoa kitu. Amebadilisha shilingi zake kwa afya na usingizi wa mwenziwe, na hiyo ni dhulma.

Basi shauri letu ni hili. Chagueni saa moja katika juma, mathalan Jumamosi baada ya alasiri, na iwe ya wote wawili. Mmoja ashike spana na mwingine kapu la joto, na juma lijalo wabadilishane, mpaka kila mmoja ajue kazi zote mbili. Watoto wakubwa, wa kiume na wa kike, wapewe sehemu yao. Sanduku moja la vyombo latosha: spana, bisibisi mbili, nyundo, koleo, msumeno mdogo, msasa, gundi, utepe mweupe wa mafundi wa bomba, sindano na uzi. Kazi isiyoingia katika saa hiyo iandikwe kwa juma lijalo. Na ikiwa juma hilo mmoja ni mgonjwa au amechoka, basi nunueni mahamri mkahawani kwa moyo mkunjufu, wala hapana lawama.

Na liko jambo jingine ambalo haifai kulinyamazia. Mshahara wa mke ni mali yake, na matumizi ya nyumba katika sharia ni juu ya mume kwa kadiri ya uwezo wake. Mke akichangia, huo ni wema wake, na wema hushukuriwa, haudaiwi. Tumesikia waume wanaolitumia neno la kubana matumizi kuwa ni ufunguo wa kufungulia mkoba wa mke, wakalikagua daftari lake na la kwao wakalificha. Daftari ni moja na kila mmoja aandike ndani yake kwa hiari. Na ili kuondoa ugomvi, kila mmoja awe na fungu lake dogo ambalo mwenziwe haliulizi, huyu anunue leso na huyu anywe kahawa yake, maadamu halikupita kiasi mlichopatana.

Kinachookolewa nacho kipewe njia, ama sivyo kitapotea kama kilivyokuwa kikipotea. Twaona kitangulizwe kwanza kulipa deni, khasa mikopo ya simu. Hukumu ya riba si maudhui ya somo la leo, lakini hata kwa hesabu tupu, mwenye kukopa kila mwisho wa mwezi huanza mwezi mpya akiwa amekwisha kulipa ada ya mwezi uliopita. Baada ya deni, iwekwe akiba ya ugonjwa na msiba. Kisha karo ya Januari, ambayo twajua kuwa itakuja na bado hutustusha. Kisha matumizi ya Ramadhani na Idi, yakinunuliwa kidogo kidogo tangu Rajabu. Tukirejea mifano yetu miwili tu, ile ya chakula cha asubuhi kwa nusu na ile ya mfereji, tukaacha pembeni bei ya unga na ya washa, hiyo ni shilingi 2,560 kwa mwezi, na kwa mwaka ni shilingi 30,720. Hata ikibaki theluthi mbili yake, ni karo ya mtu au ni deni la mtu.

KHATIMA

Msianze kwa yote. Juma hili tundikeni daftari, na usiku wekeni ndoo chini ya mfereji. Juma lijalo nunueni washa. Mwezi ujao shoneni kapu. Haba na haba hujaza kibaba, na nyumba ambayo watu wawili wameiziba pamoja haivuji upesi, si maji wala mapenzi.

Na Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kuwafikisha.